Reli Iliyoishia Pakwach: Ahadi, Utawala na Watu wa Mwisho wa Njia

Mjadala kuhusu mifumo ya utawala na ujenzi wa miradi mikubwa ya usafiri wa umma, yaani reli, madaraja, bandari na barabara kuu zinazombeba mtu yeyote bila kumwuliza nasaba yake, kwa kawaida huendeshwa kama mashindano ya mbio. Upande mmoja wapo wanaodai kwamba mtawala asiyepingwa hujenga upesi, kwa kuwa hahitaji kumbembeleza mbunge wala kumsubiri hakimu, na upande wa pili wapo wanaojibu kwamba kilichojengwa kwa ridhaa ya wananchi, hata kikichelewa, hudumu. Makala haya yanashikilia kwamba swali limeulizwa kombo tangu mwanzo. Kujenga ni kazi ya miaka mitano au kumi, lakini reli yenyewe ni jambo la miaka mia, na kitu cha miaka mia hakiwezi kuwa mali ya mtawala aliyekianzisha wala ya kizazi kilichokilipia. Chini ya hesabu za wahandisi na wakopeshaji kuna swali la kifalsafa lisilokwepeka: nani ana haki ya kutoa ahadi ambayo watu wengine, wengi wao wakiwa hawajazaliwa, watatakiwa kuitimiza, na ni utawala wa namna gani unaoweza kuifunga ahadi hiyo ili isivunjwe na aliyeitoa wala na mrithi wake?

Mji wa Arua, pamoja na Koboko iliyo kaskazini yake, karibu na mahali ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini inakutana, ni mahali panapofaa kulipima swali hilo. Eneo la West Nile lilipata sura yake ya kisiasa ndani ya mikataba iliyozungumzia reli, likaingojea reli muda wote wa ukoloni, likaiona ikifika Pakwach miaka miwili baada ya uhuru, na mji wake mkuu, Arua, haujafikiwa na treni hadi leo.

Mwezi Mei 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa ameishika Dola Huru ya Kongo kama mali yake binafsi, eneo la Lado lililo magharibi ya Mto Nile, na muda wa ukodishaji huo ukawekwa kuwa muda wa uhai wake. Uingereza kwa upande wake ilitaraji kupewa ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Edward, ambamo ingeipitisha njia yake ya kutoka Cape hadi Cairo, tarajio lililozimwa na upinzani wa Ujerumani. Mkataba mwingine wa mwaka 1906 ukaongeza kwamba reli ijengwe kutoka mpaka wa Kongo hadi mahali ambapo Nile inapitika kwa meli, karibu na Lado. Reli hiyo haikujengwa. Leopold alifariki Desemba 1909, Lado ikaingizwa chini ya watawala wa Sudani mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, mwaka uleule ambao Arua ilianzishwa kuwa makao makuu ya wilaya. Anayefikiri juu ya siasa hana budi kusimama hapa kwa muda, kwa sababu ni nadra kuikuta hoja ikiwa wazi namna hii: nchi nzima ilifungwa kwenye umri wa mtu mmoja, mzee wa Brussels ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi ya Kongo, na kila mpango uliowekwa juu ya ardhi ile ulivuta pumzi kwa mapafu yake, ukakata roho pamoja naye.

Wenyeji wa ardhi hiyo walikuwa na mawazo mengine kuhusu mamlaka. Walugbara, ambao mwanaanthropolojia John Middleton aliishi kwao kuanzia mwaka 1949 na kuandika juu ya dini yao, hawakuwa na wafalme. Mzee aliongoza kwa sababu alihudumia madhabahu ya mababu wa ukoo wake, na amri yake iliishia pale ulipoishia ukoo uliowatambua mababu hao. Waalur wa kusini walikuwa na machifu, lakini Aidan Southall, aliyechunguza jamii yao katika miaka hiyohiyo, alionyesha kwamba heshima ya kiibada ya chifu ilifika mbali zaidi kuliko uwezo wake wa kuamrisha, hali aliyoiita dola ya vipande, yaani dola ambayo kila kipande kinajitawala huku kikiukiri utakatifu wa kitovu kimoja. Tena majirani wasiokuwa na machifu walikuwa wakienda kumwomba chifu wa Kialur awape mwanawe, ili akae nao, awaombee mvua na kuamua magomvi yao. Hayo yanaweza kuitwa mamlaka ya kualikwa, na mamlaka ya aina hiyo yana sifa ambayo dola ya kisasa huidharau: mwenye kuyashika anajua kwamba kulikuwa na siku ambayo angeweza kukataliwa.

Reli ilikuja kwa njia iliyo kinyume kabisa cha mwaliko. Ile iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwishoni mwa mwaka 1901. Uamuzi wa kuijenga ulipitishwa na Bunge la Uingereza baada ya mabishano makali, ambapo wapinzani waliuliza mara kwa mara kama fedha za mlipakodi wa Uingereza zilistahili kumwagwa nyikani, na kwa kipimo cha kawaida huo ulikuwa uamuzi wa bunge lililochaguliwa. Lakini hakuna hata mmoja miongoni mwa watu ambao nchi yao ilipasuliwa na tuta la reli aliyekuwa na kura ndani ya bunge lile, wala hawakuwa na kura wale vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kwa mkataba kutoka India, ambao takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Mwaka 1902 mipaka ikasogezwa, jimbo la mashariki la Uganda likaingizwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na reli yenye jina la Uganda ikawa haina hata kituo kimoja ndani ya Uganda. Kisa hiki kinatosha kuonyesha kwamba kuuliza tu kama bunge lilipiga kura hakutoshi. Lazima iulizwe pia bunge lile lilikuwa la nani. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Maghrib aliyeandika utangulizi wake mashuhuri wa historia mwaka 1377, aliihesabu kazi ya kulazimishwa kuwa miongoni mwa dhuluma kubwa zinazobomoa ustaarabu, kwa hoja kwamba kazi ya mtu ndiyo mali yake, na dola inayoichukua bila malipo huwa inakata tawi lililoikalia. Hoja hiyo haikuandikwa kwa ajili ya reli, lakini inazifikia reli nyingi za enzi ya ukoloni.

Baada ya hapo reli ilisogea polepole kufuata bidhaa. Ilifika Soroti mwaka 1929 kwa ajili ya pamba, Kampala mwaka 1931, Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na Pakwach mwaka 1964. Bidhaa ambayo West Nile ilitakiwa kuitoa, ukiacha tumbaku na pamba kiasi, ilikuwa nguvu kazi ya vijana wake, na watu, tofauti na shaba, hujipeleka wenyewe. Walishuka hadi bandari za mto kama Rhino Camp na Pakwach, wakapanda meli hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, kisha wakaendelea kwa nchi kavu hadi mashamba ya miwa na pamba ya Buganda na Busoga. Wengi walirudi na baiskeli na nguo; wengine hawakurudi. Maji ya ziwa yalipopanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ya Butiaba ikaharibika na meli zikaisha, wakati uleule ambao reli ilikuwa inakaribia kutoka upande wa Gulu. Ilipofika Pakwach, Arua ilikuwa imebaki mbele yake kwa takriban kilomita 130, ardhi isiyo na milima ya kutisha wala mabonde ya kumshinda mhandisi. Reli ikaishia hapo.

Ni katika kipande hicho cha kilomita 130 ambapo nadharia ya mtawala mwenye nguvu inapata mtihani wake mgumu kuliko wote. Miaka saba baada ya reli kufika Pakwach, madaraka ya Uganda yalichukuliwa na Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, naye akatawala kuanzia Januari 1971 hadi Aprili 1979 bila bunge la kumhoji, kwa amri zilizokuwa na nguvu ya sheria. Kama ingekuwa kweli kwamba kinachozuia miradi mikubwa ni mabishano, basi Arua ingeipata reli yake katika miaka hiyo, kwa kuwa palikuwapo mtawala asiyebishiwa, mwenye asili ya huko huko, na njia iliyokuwa tayari imeletwa hadi mlangoni. Haikujengwa. Badala yake, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likagawanywa kama mali ya ndugu waliogombana, na Uganda, nchi isiyo na pwani, ikabaki na sehemu ya mabehewa na njia ambayo mlango wake wa baharini ulikuwa mikononi mwa jirani asiyeiamini. Utawala wa mtu mmoja ulionyesha kwamba unaweza kuamua kwa usiku mmoja, lakini uamuzi wa usiku mmoja haujengi reli. Reli hujengwa na imani ya wakopeshaji, mafundi, majirani na wasafirishaji kwamba neno lililosemwa mwaka huu litakuwa neno lilelile miaka ishirini ijayo, na imani hiyo ndiyo kitu ambacho mtawala asiyefungwa na chochote hawezi kukitoa, kwa sababu kile kinachompa uwezo wa kuahidi bila kuuliza mtu ndicho kinachompa uwezo wa kutengua bila kuulizwa.

Thomas Hobbes, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1651 utetezi maarufu kuliko yote wa mamlaka yasiyogawanyika, alifundisha kwamba mwenye enzi hawezi kufungwa na mkataba kati yake na raia, kwa kuwa hakuna hakimu wa juu yake. Alikusudia kuonyesha jinsi amani inavyopatikana, na hofu yake ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa ya kweli. Lakini kutokana na fundisho lake mtu anaweza kuvuna hitimisho ambalo yeye hakulitaka: mwenye enzi wa namna hiyo anaweza kutoa amri, zawadi na adhabu, ila hawezi kutoa ahadi, maana ahadi ni neno linalompa aliyeahidiwa haki ya kumdai aliyeahidi. Wananchi wa West Nile waliupata uzito wa jambo hilo kwa namna mbili. Wakati wa Amin kila kilichokuja kilikuja kama fadhila, na baada yake, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1980, majeshi ya utawala mpya yalipowaadhibu watu wa eneo hilo kwa ajili ya undugu wao na mtu aliyekwisha kimbia, maelfu wakavuka mipaka kuingia Zaire na Sudani na kukaa ukimbizini kwa miaka. Walilipishwa deni la fadhila ambazo wengi wao hawakuwahi kuzionja.

Msomaji makini ataleta hapa mfano wa TAZARA, na ni haki yake. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya wakopeshaji wa Magharibi kuikataa, na ikakamilika kabla ya muda uliopangwa, huku Tanzania na Zambia (kuanzia 1972) zikiwa chini ya chama kimoja kisicho na mshindani. Mfano huo hauwezi kupuuzwa. Nyerere na Kaunda, marais wa nchi hizo mbili, walikuwa na kitu ambacho nguvu pekee haikupi, yaani sababu iliyoeleweka na mkulima wa Mbeya sawasawa na mchimbaji wa Ukanda wa Shaba: kwamba Zambia isilazimike kupitisha uhai wake katika nchi za walowezi wa kusini. Ahadi iliyosimama juu ya sababu ya namna hiyo ilipata mashahidi wengi, na mashahidi ni aina ya kifungo. Hata hivyo, kujenga si kutunza. Njia iliyobuniwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka haikuwahi kukifikia kiwango hicho, na baada ya siasa za kusini kubadilika na sababu ya mwanzo kuondoka, mizigo ilipungua hadi ikawa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Tanzania ileile imeonyesha pia jambo la kutia moyo: reli yake mpya ya umeme, iliyoanza kujengwa mwaka 2017 wakati wa John Magufuli, haikuachwa njiani alipofariki Machi 2021, na mwaka 2024 abiria walianza kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Anayetafuta sababu ya mwendelezo huo ataikuta zaidi katika chama kilichodumu muda mrefu na desturi ya kurithishana madaraka bila kisasi kuliko katika ushindani wa uchaguzi. Lakini chama kikongwe au mtawala wa muda mrefu si dawa kwa nafsi yake, kwa maana Uganda imekuwa na rais yuleyule tangu 1986, na katika kipindi hicho hicho vita vya kaskazini vikaja, treni za kwenda Gulu na Pakwach zikakoma kwa miaka mingi, na nyasi zikaota kati ya mataruma. Mtu anaweza kudumu bila ahadi yake kudumu.

Uchaguzi nao una maradhi yake. Kenya, chini ya katiba ya mwaka 2010 yenye bunge linalohoji na mahakama zisizoogopa, ilijenga reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Exim ya China, ikaifungua tarehe 31 Mei 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti mwaka huo. Wanaharakati na chama cha mawakili walikuwa wameshaipeleka mahakamani kesi ya uhalali wa zabuni, na mahakama za ngazi tofauti zikaamua tofauti, Mahakama ya Rufaa ikitoa mnamo Juni 2020 hukumu ya kwamba sheria ya manunuzi ilikiukwa, wakati treni zilikuwa zimekwisha kwenda na kurudi kwa miaka mitatu. Sheria ilifika baada ya abiria. Reli yenyewe ikaendelezwa hadi Naivasha mwaka 2019 na kusimama hapo, mbali na mpaka wa Uganda, huku kila nchi ikiitazama nyingine ianze. Kalenda ya uchaguzi humfundisha mwanasiasa kupenda kile kinachoweza kukatiwa utepe ndani ya miaka mitano, na kilomita zilizo mbali na kura nyingi huwa ndizo za mwisho.

Hapo ndipo fikra za Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, zinapoigusa Arua moja kwa moja. Wiredu alitofautisha demokrasia ya wingi wa kura na demokrasia ya maafikiano, yaani ile ambayo uamuzi hautolewi mpaka kila upande uwe umekubali kwamba neno lake limeingia ndani ya uamuzi, hata kama haukupata yote uliyoyataka. Hoja yake ni kwamba upande unaoshindwa kila mara katika kura huwa na wawakilishi bungeni lakini hauna uwakilishi katika uamuzi. West Nile ni sehemu ndogo ya wananchi wa Uganda; haitaweza kamwe kuishinda mikoa ya kati na mashariki kwa kuhesabu vichwa, na kwa hiyo katika hesabu ya kawaida ya wingi itakuwa sahihi daima kuanza kwingine. Lami ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na kukamilika katikati ya miaka ya 2010, ilikuja kwa kuwa iliunganisha mpaka wa Kongo na mpaka wa Sudani Kusini. Eneo lilihesabika lilipokuwa njia ya kwendea kwingine. Na daraja la Karuma, lililofunguliwa mwaka 1963, lilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2024 kwa matengenezo, mabasi ya Kampala yakalazimika kuzungukia Murchison Falls, jambo lililowakumbusha wasafiri wote kwamba Arua, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, bado inaning'inia kwenye nyuzi chache.

Ugumu wa ndani zaidi ni wa wakati. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyefundisha Makerere katika miaka ya 1960 na 1970, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba fikra za jadi za Kiafrika zina nyakati mbili kuu, ambazo alizipa majina ya Kiswahili, sasa na zamani, na kwamba wakati ujao ulio mbali karibu haumo, kwa kuwa kisichotokea hakijawa wakati. Kama angekuwa sahihi, reli ya miaka mia ingekuwa kitu kigeni kwa nafsi ya watu hawa, na ubovu wake usingemshangaza mtu. Wengi wamempinga, na makala haya yanaungana nao, ila kwa kutumia silaha aliyoitoa yeye mwenyewe. Mbiti ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wengi hali ya wafu walio hai, yaani marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na wazao wao, na ambao uhai wao unategemea kumbukumbu hiyo. Mtu anayeishi akijua kwamba siku moja atakuwa mmoja wao, na kwamba atahitaji kutajwa, tayari anawahesabu wajukuu ambao hajawaona. Wakati ujao anao, lakini anauona kwa macho ya marehemu atakayekuwa. Edmund Burke, mwaka 1790, aliiita jamii ushirika wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, na John Rawls, mwaka 1971, akatafuta kanuni ya akiba ya haki, yaani kiasi ambacho kila kizazi kinapaswa kuwawekea wanaofuata. Mzee wa Kilugbara anayetaja majina ya babu zake kwenye madhabahu asingeona ajabu katika maneno ya Burke. Tofauti ni kwamba yeye ana mahali pa kwenda kuhojiwa. Deni la reli, linalolipwa kwa miongo kadhaa na watoto wa walioliweka saini, halina madhabahu ya namna hiyo.

Mahali pa kuhojiwa ndipo dini zilizoota mizizi Arua na Koboko, Uislamu na Ukristo, zinapoweza kusema neno ambalo nadharia za utawala hulisahau. Wakristo wanakijua kisa cha mfalme Ahabu, aliyelitaka shamba la mizabibu la Nabothi na kumwahidi jingine bora au fedha taslimu, yaani fidia kamili kwa lugha ya leo, na Nabothi akakataa kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu alinuna, na Yezebeli akampatia shamba hilo kwa mashahidi wa uongo na mawe. Kisa hicho hakilaumu kutaka ardhi, wala hakilaumu bei. Kinalaumu utawala usioweza kuvumilia neno hapana. Katika mapokeo ya Kiislamu, inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab alipotaka kuupanua msikiti wa Mtume mjini Madina aliiomba nyumba ya Abbas bin Abdul Muttalib, Abbas akakataa, wakaenda wote wawili kwa Ubayy bin Kaab ili awaamue, na Ubayy akamhukumu khalifa. Umar akaipokea hukumu. Ndipo Abbas, haki yake ikiwa imekwisha kuthibitishwa, akaitoa nyumba hiyo bure kwa ajili ya Waislamu. Lakini Umar huyohuyo, alipoupanua msikiti wa Makka, alizibomoa nyumba za waliokataa na kuziweka thamani zake katika hazina ya Kaaba mpaka wenyewe walipokwenda kuzichukua. Wanazuoni wamejitahidi kuvipatanisha visa hivyo viwili, na mvutano ulio kati yake ndio uleule ulioigawa Uganda katika zama zetu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 26, inataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki na ya kutosha, kwa haraka, kabla ardhi haijachukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri lililotokana na barabara ya Hoima hadi Kaiso-Tonya, iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichoiruhusu serikali kuchukua kwanza na kulipa baadaye kinapingana na ibara hiyo. Serikali, ikilalamika kwamba wabishi wachache wanachelewesha miradi ya taifa na kuipandishia gharama, ilileta mwaka 2017 mswada wa kubadili katiba ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na ujenzi wakati mwenye ardhi akibishana juu ya bei, utaratibu unaokumbusha hazina ya Kaaba. Upinzani uliotoka pande zote za nchi ukaufanya mswada huo uondolewe. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi, kwa maana mtu mmoja anaweza kweli kuushika mkoa mzima mateka kwa robo ekari. Lakini kinachotenganisha Madina na Makka katika visa vile ni kwamba Madina mtawala alisimama mbele ya hakimu kwanza, na ukarimu wa Abbas ukawezekana kwa sababu hiyo tu: hakuna mtu anayeweza kutoa zawadi ya kitu ambacho tayari amenyang'anywa. Ucheleweshaji unaotokana na haki ya kukataa si hasara tupu katika hesabu ya mradi, bali ni wakati ambao mradi unageuka kutoka kuwa wa serikali na kuwa wa watu, na reli isiyo ya watu huibiwa mataruma yake na kuachiwa nyasi bila mtu kulia.

Michoro ya reli ya kisasa ya Uganda inaonyesha tawi la kaskazini likitoka Tororo hadi Gulu, kisha mkono mmoja ukielekea Nimule na mwingine ukipita Pakwach hadi Vurra, mpakani mwa Kongo, si mbali na Arua. Mkataba wa kwanza na kampuni ya China ulivunjwa mwaka 2023 baada ya fedha kukosekana, na mkataba uliotiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Uturuki ya Yapı Merkezi unahusu kilomita 272 za Malaba hadi Kampala. Mkono wa Vurra umebaki kwenye karatasi. Siku mstari huo utakaposhuka ardhini, utapita katika ardhi ya kimila, yaani ardhi inayomilikiwa kwa desturi na koo bila hati, na katika nyua ambamo makaburi yako hatua chache kutoka mlangoni. Mthamini wa serikali atakuwa na bei ya mwembe, bei ya muhogo, bei ya nyumba ya matofali ya udongo, na kiasi fulani cha kuhamishia mifupa. Mzee wa ukoo, ambaye atatakiwa kuwaeleza waliolala humo kwa nini wanahamishwa, atahitaji kuambiwa kwanza, na mtu ambaye neno lake linaweza kudaiwa mahakamani hata baada ya yeye kuondoka ofisini, ni mwaka gani treni itapita hapo.